Mama hataki mashine ya kupumulia: kunena tu hakutoshi

Dada, umesema mama yako hapo Leicester hataki kuwekewa mashine ya kupumulia, na amekwambia wewe tu, kwa mdomo. Kwa sheria ya 2005 ya Uingereza na Wales kuhusu uwezo wa mtu kujiamulia (Mental Capacity Act), hilo halitoshi. Aandike angali na akili timamu, asaini mbele ya shahidi, shahidi naye asaini, na karatasi itamke kwamba uamuzi unabaki palepale hata maisha yake yakiwa hatarini. Bila sentensi hiyo, karatasi haiwafungi madaktari.

Nakala mpeni daktari wake wa kawaida. Kaka zako nao waambie sasa, maana ugomvi wa wodini unazidi wa mirathi! Ukitaka kumwamulia wewe, hiyo ni fomu nyingine, ya mama kukupa mamlaka hayo, na husajiliwa kwanza.