Ndege dakika 20 mpaka Zanzibar, naswali mbili au nne?

SWALI: Asalam alaykum shekhe. Mi nakaa Dar, kikazi kila wiki navuka Zanzibar kwa ndege na kurudi siku hiyohiyo, dakika 20 tu hewani. Mwenzangu wa ofisini akifika anaswali adhuhuri rakaa mbili. Mi naona aibu, safari gani hata jasho halijanitoka? Na Jumatatu naenda Dodoma, nako kwa ndege kama saa moja. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Ndugu yangu, jasho weka pembeni, na saa ivue kabisa, sisi Mashafii, wa madhehebu ya Imam Shafi, tunapima masafa siyo muda. Masafa yenyewe, kwa vipimo vya zamani vya safari, ni marhala mbili, ndo zile burdi nne ambazo maswahaba Ibn Umar na Ibn Abbas walikuwa wanapunguza sala na kufungua saumu kwa ajili yake, kwa hesabu ya leo ni kilomita 80 na kitu. Sasa Dar na Zanzibar hewani ni kama kilomita 73, haijafika! Kwa hiyo Zanzibar unaswali nne zako, na hata ukipanda boti ukatapika njia nzima masaa mawili ni nne vilevile, kama yule wa Mbagala anayekaa foleni masaa matatu kwenda Bunju, kachoka kuliko wewe lakini kisheria si msafiri.

Dodoma sasa ndo safari. Hewani ni karibu kilomita 390, punguza bila wasiwasi. Na usidhani ndege imewababaisha wanazuoni, Imam Nawawi aliyefariki mwaka 1277 kashasema kwenye kitabu chake Minhaj kwamba bahari ni kama bara, mtu akizikata zile maili kwa saa moja anapunguza. Na hiyo aibu yako, Sayyidna Umar naye alishangaa tunapunguzaje wakati ile hofu ya adui iliyotajwa kwenye aya imeondoka, akamuuliza Mtume (SAW), akajibiwa hiyo ni sadaka Allah amewapa, basi ipokeeni.

Ila angalia pa kuanzia. Eapoti ya Dar iko Kipawa, ndani ya mji, na wewe mkazi wa Dar, halafu utamkuta mtu begi bado liko begani kapiga mbili kakimbilia geti, hiyo sala airudie. Bora uswali nne hapohapo, au kama ndege inaondoka adhuhuri tia nia ndani ya wakati wa adhuhuri kwamba utaichelewesha uikusanye na alasiri ukifika. Ukienda Jumatatu ukarudi Ijumaa unapunguza siku zote, maana siku ya kufika na siku ya kuondoka hazihesabiwi, zinabaki tatu. Ukinuia tangu mwanzo kukaa mpaka Jumamosi zinakuwa nne, hapo unaswali kamili toka unafika. Na ukiswali msikitini nyuma ya imamu mkazi, nne.

Mwenzako usigombane naye, mwanazuoni Ibn Taymiyya na wengine wamesema safari ni ile watu wanayoiita safari, huenda kashika hiyo. Muulize tu kwa upole kaitoa wapi.