Hesabu pumzi dakika nzima

Ninyi mnaoanza mwaka wa kwanza wa utabibu na uuguzi, mtafundishwa mengi kwa wakati mmoja. Leo naomba tukae na kipimo kimoja tu, upumuaji, kwa sababu ndicho nilichokidharau nilipokuwa mwanafunzi, na nusura kigharimu maisha ya mtoto.

Joto lina kipimajoto chake, presha ina mashine yake. Upumuaji unahitaji macho yako na saa tu, na labda ndiyo sababu wengi hawaupimi. Wanamtupia mgonjwa jicho, wanaandika 20, wanaendelea na kazi. Nami niliwaona walionitangulia wakifanya hivyo, nikafanya.

Nilikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika kituo cha afya. Mama mmoja akaja na mtoto wa miezi minane, akaniambia, "Dokta, anahema tangu jana usiku." Nikaweka kipimajoto kwapani: 37.4. Nikaona hana homa, nikajaza namba ya upumuaji kwa kukisia, nikamwambia mama asubiri kwenye benchi. Muuguzi mmoja mtu mzima alipopita pale akasimama. Akamwomba mama ampandishe mtoto nguo, akatazama saa yake, akanyamaza dakika nzima. "Sitini na nne," akasema. Kisha akanionyesha kwa kidole chini ya mbavu: kila mtoto alipovuta pumzi, pale palizama ndani. "Mwanangu, mama alikwambia anahema. Hukumsikia?"

Mtoto alikuwa na nimonia kali. Aliwekewa oksijeni, akapewa rufaa siku ileile.

Darasani mtafundishwa kutofautisha dalili na ishara: dalili ni kile mgonjwa anachokihisi na kukueleza, ishara ni kile unachokiona, unachokigusa au kukihesabu mwenyewe. Masomo yetu ni ya Kiingereza, lakini dalili zinakuja kwa Kiswahili cha nyumbani, na huko kila neno lina mahali pake. Anahema, anatweta, kifua kinabana, hayo si kitu kimoja. Mgonjwa akisema chembe ya moyo inamuuma, mwombe aweke kidole. Mara nyingi atakionyesha juu ya tumbo, pale mfupa wa kifua unapoishia.

Namba zenyewe si nyingi. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto mwenye kikohozi au shida ya kupumua anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifika pumzi 60 kwa dakika kama hajatimiza miezi 2, pumzi 50 akiwa na miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 akiwa na mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20.

Msizikariri kabla ya kuelewa kinachotokea ndani. Katika nimonia, vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na usaha, na pafu linakuwa gumu kutanuka. Kila pumzi inaingiza hewa kidogo, kwa hiyo mwili unafidia kwa kuongeza idadi. Na mbavu za mtoto bado ni laini: kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kikivuta kwa nguvu na pafu likakataa kutanuka, ukuta wa kifua ndio unaozama. Ndicho nilichoonyeshwa siku ile.

Kuna wakati mapafu ni mazima na bado mtu anapumua kwa kasi na kwa kina. Mgonjwa wa kisukari aliyekosa insulini, au mtoto mwenye malaria kali, damu yake inaweza kujaa asidi. Mwili unajitetea kwa kutoa kaboni dayoksaidi nyingi kupitia pumzi, maana hiyo nayo huongeza asidi kwenye damu. Kwa hiyo ukihesabu pumzi, unapata habari za damu pia.

Mtoto mhesabu kabla hujamgusa, akiwa ametulia mapajani kwa mama yake, halii wala hanyonyi. Kipimajoto kije baadaye. Hesabu dakika nzima, kwa kuwa mtoto mchanga anaweza kupumua mbio kisha akapunguza. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja linakuwa la pumzi nne. Kwa mtu mzima, endelea kumshika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo ya moyo, huku macho yako yakiwa kifuani. Akijua unamhesabu pumzi, atazibadilisha bila kukusudia.

Anzeni hosteli usiku huu. Mwenzako akishalala, washa saa ya simu, tazama shuka linavyopanda na kushuka, uhesabu mpaka sekunde ya 60.