Je, Bunge la Kenya laweza kuongeza majaji wa Mahakama ya Juu?

SWALI: Nafundisha historia na uraia katika shule ya upili hapa Mombasa. Wanafunzi wangu wamesoma kwamba wabunge wa Marekani wanaweza kuongeza majaji wa mahakama yao ya juu kwa sheria ya kawaida tu. Wananiuliza kama wetu nao wanaweza, na kama rais hatautumia mwanya huo kuweka watu wake. Naomba ufafanuzi, wakili.

JIBU: Mwalimu, kuhusu Marekani wamesoma sawasawa. Katiba ya kule inataja mahakama moja ya juu, lakini haisemi lolote kuhusu idadi ya majaji. Ndiyo maana idadi hiyo imekuwa ikipanda na kushuka kwa sheria za Kongresi: sita mwaka 1789, saba 1807, tisa 1837, kumi 1863. Mwaka 1866 viti vikapunguzwa, kwa kiasi kikubwa ili Rais Andrew Johnson asipate cha kujaza. Mwaka 1869 vikarudi tisa, na ni tisa hadi leo. Franklin Roosevelt, ambaye sheria zake za kufufua uchumi zilikuwa zikibatilishwa moja baada ya nyingine, alitaka mwaka 1937 aongeze jaji mmoja kwa kila aliyepita miaka 70 asistaafu, mpaka wafike 15. Chama chake kilikuwa na wingi mkubwa katika Seneti, na bado mswada ukafia humo humo.

Kwetu mlango huo umefungwa. Kifungu cha 163 kinahesabu: Jaji Mkuu, Naibu wake, na majaji wengine watano. Kifungu kinachofuata, cha Mahakama ya Rufaa, kinasema tu wasipungue 12, na idadi kamili ipangwe na sheria ya Bunge. Vifungu hivi viwili vimeandikwa bega kwa bega, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba ilikuwa ni kusahau.

Kuigusa saba, basi, ni kurekebisha katiba. Marekebisho yakianzia bungeni, yanahitaji thuluthi mbili ya wabunge wote na thuluthi mbili ya maseneta wote, na zipite siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili. Kura ya maamuzi je? Kifungu cha 255 kinaidai pale marekebisho yanapohusu uhuru wa Mahakama. Serikali ingedai kwamba kuongeza viti viwili hakumnyang'anyi jaji yeyote uhuru wake. Sikubaliani: anayeweza kubadili hesabu ya walioketi anaweza kubadili hukumu. Ningekuwa namtetea mlalamishi, ningeanzia hapo.

Ama rais, Kenya hajichagulii majina. Tume ya Huduma za Mahakama hupendekeza, naye huteua. Jaji Mkuu na Naibu wake huhitaji pia idhini ya Bunge la Taifa. Anachoweza ni kukalia orodha. Uhuru Kenyatta aliikalia orodha ya mwaka 2019, ya Mahakama ya Rufaa na zile zenye hadhi ya Mahakama Kuu, hadi Juni 2021. Hata hapo aliteua 34 na kuwaacha sita. Mimi naogopa zaidi viti vitupu kuliko viti vya ziada.

Na viti vitupu vinaiumiza hasa mahakama ndogo. Akidi ya Mahakama ya Juu ni majaji watano, kwa hiyo wakikosekana watatu tu, haiketi. Tarehe 25 Oktoba 2017, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio, ombi la kutaka uchaguzi huo uahirishwe lilikuwa mezani. Waliofika ni Jaji Mkuu David Maraga na Jaji Isaac Lenaola peke yao. Ombi halikusikizwa, na kesho yake watu wakapiga kura.

Wangekuwa tisa na akidi ibaki tano, mahakama ingestahimili kukosa wanne. Kesi ya urais huamuliwa ndani ya siku 14, na katika muda huo hakuna nafasi ya kungoja jaji apone au apate ndege. Nikiulizwa, hiyo ndiyo sababu pekee ya kuongeza majaji ninayoweza kuiunga mkono, na ningetaka viti hivyo vianze kujazwa baada ya uchaguzi mkuu unaofuata, asinufaike aliyeviomba.