Leva ya gia imekuwa nyepesi na gari haiendi: angalia kebo kwanza kabla hujashusha giaboksi

Mkuu pole sana. Hali uliyoielezea, yani leva imekuwa nyepesi ghafla, unavuta mpaka D (ya kwenda mbele) injini inaunguruma vizuri tu ila gari imesimama, mi ilishanikuta na gari yangu ya otomatiki ya mwaka 1998, na fundi wa kwanza kuiona akasema giaboksi imekufa, ishushwe. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni kibushi cha plastiki, kidogo kuliko ncha ya kidole gumba, kile kinachokaa mwisho wa kebo inayotoka kwenye leva, pale inapoushika mkono wa giaboksi, yani kile kichuma cha nje kinachosogea kubadilisha gia.

Kwa hiyo usikubali kitu kishushwe kabla hujajiangalizia mwenyewe. Zima injini, vuta handbreki, weka mawe kwenye matairi mbele na nyuma, na hapa nakuomba usipuuzie, sababu kebo ikishaachia leva inaweza kusoma P (ya kuegesha) huko ndani ya gari wakati giaboksi iko N (huru), gari ikaondoka na wewe uko chini yake. Alafu fungua boneti. Gari nyingi zinazovuta kwa matairi ya mbele ukitoa boksi la eya klina, zingine mpaka utoe na betri, ncha ya kebo unaiona hiyo hapo juu ya giaboksi.

Mwambie mtu akae ndani awe anasogeza leva taratibu we unaangalia kule. Kama kebo inatembea ila mkono wa giaboksi umetulia, bushi imeisha. Kama waya pamoja na gamba lake la nje vyote vinakwenda na kurudi, klipu inayolibana gamba kwenye breketi imechomoka, na hiyo unairudisha dakika chache tu. Kama hamna kinachotembea, waya umekatika au umeachia huku chini ya leva. Na kama leva yako ingekuwa ngumu badala ya nyepesi ningekwambia maji yameingia kupitia mpira uliochanika, kutu imeshika waya ndani ya gamba, na hapo hamna cha kupaka, nunua kebo nzima.

Yangu nilipoigusa ile ncha ikatoka yenyewe, plastiki imekauka na joto la injini la miaka yote hiyo, ikanivunjikia vidoleni kama ganda la yai. Nikaushika mkono wa giaboksi nikausukuma bila kebo, nikasikia unaingia tak, tak, tak, kila hatua inajishika vizuri. Ukisikia hivyo ujue huku nje hamna kilichokwama, tatizo lako ni kebo.

Bushi kuna gari inauzwa peke yake, zingine mpaka ununue kebo yote. Ukiipata iloweke kwanza kwenye maji ya moto ilainike, paka grisi kidogo, ibane taratibu na plaizi kubwa mpaka ikae. Usigonge na nyundo, utaupinda mkono wa giaboksi. Kufunga na waya wa kawaida ni kwa ajili ya kufika gereji tu, usiendelee kuendeshea hivyo.

Sasa kuseti, ambako ndo wengi wanaharibu. Legeza nati ya kebo, peleka mkono wa giaboksi mpaka mwisho upande wa P, rudisha hatua mbili, ya kwanza R ya pili N. Leva ya ndani nayo iwe N. Hapo kaza nati bila kuivuta wala kuisukuma kebo, iache ikae yenyewe. Ikipishana hata nusu hatua, valvu ya ndani inayogawa oili haifunguki yote, presha inashuka, klachi za ndani zinateleza mpaka zinaungua, na hapo sasa umeiua giaboksi iliyokuwa nzima kwa sababu ya nati moja. Mi inaniuma sana kuona gari inaharibika hivyo.

Ukimaliza hakikisha inawaka kwenye P na N tu, ukiweka R taa za rivasi ziwake, alafu nenda kwenye mteremko mdogo usio na watu, weka P, achia handbreki, achia breki ya mguu kidogo kidogo uone kama inashika. Isiposhika rudi kwenye nati.

Na kama kuna mwingine ana shida hii kwenye gari ya manyo (manual, ya kukanyaga klachi), nyingi zina kebo mbili, moja ya kwenda kushoto na kulia, nyingine ya mbele na nyuma. Ukiona unapata gia ya 3 na 4 tu, zingine zimekataa, anza na ile ya kushoto na kulia, maana ikiachia giaboksi inarudi yenyewe katikati, na katikati ndo kwenye 3 na 4.