GTS au Carrera T?
Ndugu, kwa kuwa umeeleza kwamba unataka Porsche 911 mpya ya kuendesha kwa raha zako, wala si ya kushindania uwanjani, ningekushauri uiache Carrera GTS na uitazame Carrera T. GTS iliyotoka mwaka 2024 ina injini ya lita 3.6 inayosaidiwa na mota ya umeme, na kasi yake haina ubishi, lakini haiuzwi na gia za mkono, ilhali T inazo sita, na kwangu mimi huo ndio utamu wenyewe. Kabla ya kulipa, pata bei ya bima kwa maandishi, kisha ulijaribu gari kwenye matuta ya mtaani kwako.