Madeni, presha na usingizi: maswali yenu ya Januari

Januari hii meseji karibu zote ni za hela. Ada, sare, kodi ya miezi sita, alafu mikopo ya Desemba inadai. Nimechagua chache, zingine zinafanana.

"Nina mikopo mitatu ya kausha damu, marejesho kila siku, nakopa huku nalipa kule. Mume wangu hajui. Nikisikia pikipiki imesimama nje moyo unapaa, najua ni afisa mikopo. Nifanyeje?" (Mama wa Mbagala)

Pole sana dada. Kwanza huo mkopo wa nne unaoufikiria usiuchukue, najua unaufikiria. Pili chukua daftari, hata la mtoto, andika kila mkopo mstari wake: unadaiwa na nani, ulipokea mkononi shilingi ngapi (sio ile ya kwenye fomu, maana wengi wanakata ya fomu na "bima" juu kwa juu), umesharudisha ngapi, imebaki ngapi, umeweka nini dhamana. Wengi wanaoniandikia hawajawahi kujumlisha, wanaogopa kuiona hiyo namba, sasa deni likikaa kichwani tu linakua kila usiku, ila ukishaliandika ni laki sita, laki sita kamili, na laki sita mtu anaweza kuipangia.

Ukimaliza angalia ule uliowekea dhamana kitu ambacho ukikikosa mnalala njaa, labda friji ya biashara au cherehani, huo ndo unaanza nao. Nenda ofisini kwao mwenyewe kabla ya siku ya kurejesha, sio wao wakufuate, omba marejesho yawe ya wiki na wakikubali waandike. Waulize pia leseni, maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka anayefanya biashara ya kukopesha awe nayo. Kadi ya benki na namba ya siri usimpe mtu, hata akuambie ndo utaratibu wao.

Mume sasa. Mwambie, ila sio anaingia tu mlangoni na njaa yake. Akishakula mpe daftari alisome mwenyewe, usianze na kilio wala maelezo marefu. Kama ni mtu wa mkono, basi pitia kwa mshenga wenu au mama mkubwa kwanza, asilipokee mkiwa wawili tu ndani. Maana atajua tu bana, siku wanakuja kubeba TV atajua, bora ajue kwako.

"Nilikopa elfu themanini kwenye mkopo wa simu, nimechelewa siku nne, wamewatumia meseji watu wote kwenye simu yangu eti mimi tapeli, mpaka bosi. Natamani kuhama mji." (Kijana, Mwanza)

Usihame mdogo wangu, elfu themanini haihamishi mtu mji. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, kwahiyo angalia hao wako wamo ama la. Piga skrinishoti kila meseji, nenda polisi, na peleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana kuchukua majina ya watu kwenye simu yako na kuwatangazia deni lako sio jambo la kawaida, kuna sheria ya 2022. Kwenye settingi za simu zima ruhusa ya hiyo programu kusoma namba zako, japo walizochukua wameshachukua.

Bosi mfuate leo, sentensi mbili zinatosha: "Ni kweli nadaiwa, hela yenyewe ni hii, nalipa tarehe fulani." Aibu inaisha haraka ukiwahi kusema. Deni lipo pale pale lakini, lipe, na usikope programu ya pili kulipa ya kwanza.

"Mimi mwalimu, bodi ya mikopo wanakata, benki wanakata, nikiona slip nashikwa na hasira siku nzima." (Singida)

Mwalimu, bodi ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hapo huna la kufanya zaidi ya kumaliza, na bahati nzuri ile nyongeza ya asilimia 6 iliyokuwa inavimbisha deni ilifutwa 2021. Shida yako naona ni topapu, yaani kuongeza mkopo benki kabla ule wa zamani haujaisha. Sheria inasema makato yasikuache chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, yaani wa 780,000 asibaki na chini ya 260,000, sasa watu wengi wameigeuza hiyo theluthi kuwa ndo mpango wa maisha, benki ikipiga simu nafasi imepatikana tu wanasaini. Mwaka huu wakipiga sema hapana. Na slip ifungue mara moja kwa mwezi, makato hayapungui kwa kukodolewa macho.

"Vipi nikijaribu mkeka mmoja wa nguvu wa kubeti nilipe madeni yote?"

Hapana.

"Ndo wa kwanza kuajiriwa kwetu. Simu ya nyumbani ikiita natoka jasho, najua ni hela. Nisipopokea najiona mbaya." (Binti, Dar)

Mdogo wangu, panga kiasi chako cha kutuma, tuma siku ya mshahara wewe mwenyewe bila kuombwa, na mwambie mama kabisa kwamba mwezi huu ndo hiyo. Wakijua tarehe simu zinapungua, watapiga na kukusalimia tu. Ugonjwa na msiba ni habari nyingine, hizo huwezi kuzipangia tarehe. Ila sendoff ya binti wa jirani wa shangazi, changia unachoweza au sema hongereni. Tena piga we kwanza siku ambayo hakuna mtu anaomba, uongee na mama hata habari za mahindi.

"Duka limefungwa, nadaiwa, nashtuka saa tisa usiku kifua kinabana, na saa nyingine naona bora nisiwepo." (Baba, Mbeya)

Kaka, hili la mwisho ndo naanza nalo. Leo usilale peke yako na hilo wazo, mwambie mtu mmoja, mkeo, kaka yako, sheikhe au mchungaji, umwambie kwa maneno haya haya uliyoniandikia. Kesho asubuhi nenda hospitali, ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, uwaambie mapokezi unataka daktari wa afya ya akili. Ukiona utajidhuru usiku huu basi usingoje kesho, mtu akupeleke sasa hivi. Kifua nacho wakipime, kinaweza kuwa wasiwasi tu na kinaweza kuwa presha kweli, usikisie. Wadai watakusubiri wiki moja, mtume ndugu akawaambie unaumwa. Hesabu za duka tutazifanya ukishalala usingizi siku mbili tatu. Ukitoka hospitali niandikie.