Hoja yangu ya lumbesa, na jinsi hoja zinavyofia ukumbini

Baraza langu la kwanza la madiwani nilisimama dakika kumi nzima. Nilikuwa na hoja ya lumbesa, lile gunia la viazi linaloshonewa kilemba juu mpaka unaona lina kichwa na mabega. Nilieleza mkulima anavyolima kwenye baridi, dalali anavyoshindilia, na magunia mawili yanavyobeba viazi vya magunia matatu kwa bei ya mawili. Wenzangu waligonga meza. Mzee mmoja wa kata ya jirani aliniambia wakati wa chai, "Leo umetutendea haki, mama." Nikarudi nyumbani nikijua kazi niliyotumwa nimeimaliza.

Miezi mitatu baadaye dereva wa halmashauri akaleta kabrasha, lile furushi la karatasi za kikao, la robo iliyofuata. Nikafungua muhtasari nitafute hoja yangu. Nilipekua mara mbili kabla sijaiona, mstari mmoja katikati ya ukurasa: "Wajumbe walichangia kuhusu vipimo vya mazao na kushauri idara ilifanyie kazi." Basi. Idara ipi, kazi gani, mpaka lini, hakuna. Nikageukia yatokanayo, sehemu ya kufuatilia yaliyoamuliwa kikao kilichopita, nako haikuwamo.

Siku ya kikao nilimfuata kijana aliyekuwa anaandika muhtasari, nimevimba. Alinisikiliza kwa adabu, akafunga kalamu yake. "Mama diwani, mimi naandika kilichoamuliwa. Nilikusikiliza dakika zote kumi, sikusikia tunaamua nini."

Nilimkasirikia wiki nzima. Leo hii, vipindi viwili vya udiwani vikiwa nyuma yangu, nikiulizwa na diwani mpya aanzie wapi, namwanzishia hapo hapo kwa yule kijana.

Nilihudumu katika moja ya halmashauri za mji za huku Nyanda za Juu Kusini. Ziko Makambako, Njombe, Mafinga na Tunduma, nanyi mtanisamehe nisiposema ni ipi, maana wahusika bado tunakutana sokoni na misibani. Mbeya ni jiji na Iringa ni manispaa, kwa hiyo wao wana meya. Sisi wa mji tuna mwenyekiti wa halmashauri, ambaye madiwani tunamchagua kati yetu wenyewe. Makamu wake tunamchagua kila mwaka. Mkurugenzi ndiye katibu wa kikao, naye hana kura. Hilo la kura lishike vizuri, kwa sababu ukimwona Mkurugenzi na wakuu wa idara wamekaa mbele na mafaili yao utadhani wao ndio wenye baraza. Wanashauri na kutekeleza. Kuamua ni kwako.

Lakini kuamua maana yake nini? Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunadhani kusema kwa uchungu ni kuamua. Azimio lina mifupa yake: nani afanye, afanye nini hasa, kwa fedha ipi, mpaka tarehe gani, na taarifa iletwe kikao kipi. Likikosa mfupa mmoja, litalegea hapo hapo. Nilianza kuandika azimio langu nyumbani, kwenye karatasi, kabla sijaandika hotuba. Mara nyingi nikishaliandika naona hotuba yenyewe haina haja. Ukumbini nikisimama namalizia hivi: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba baraza liazimie kwamba..." kisha nasoma polepole, kwa mwendo wa mtu anayeandika. Halafu ile karatasi nampelekea mwandishi wa kikao. Wapo walionicheka kwamba naandikia imla. Maazimio yangu yalikuwa yanatoka kwenye muhtasari neno kwa neno, ya wenzangu yanatoka "wajumbe walichangia".

Na usisubiri muhtasari uje uuone siku ya kuuthibitisha. Kipengele cha kuthibitisha muhtasari watu wanakipita kama geti lililo wazi: "Ukurasa wa kwanza? Wa pili? Wa tatu?" na wote tunaitikia huku tunatafuta miwani. Hapo ndipo pa kunyoosha mkono. Ukishathibitishwa na kusainiwa, ulichosema kweli na ulichoandikiwa kwamba umesema vinakuwa kitu kimoja.

Kabrasha lisome ukianzia nyuma. Mbele kuna taarifa, zimepambwa. Nyuma kuna viambatisho, na viambatisho havijui kupamba. Mimi nilikuwa nasomea jikoni, maharage yakiwa motoni, kalamu nyekundu mkononi. Ushuru wa viazi ulivyoandikwa mbele na ulivyoandikwa kwenye jedwali la mwisho, geti kwa geti, yale ya kukatia ushuru barabarani, mara kadhaa havikulingana. Ukiwa na namba ya ukurasa mkononi huna haja ya kupaza sauti. Kabrasha likija jioni ya kuamkia kikao, lalamika, na lalamika kwa utaratibu: fungua Kanuni za Kudumu za halmashauri yako, soma siku zinazotakiwa za taarifa ya mkutano, uzitaje ajenda inapothibitishwa. Kila diwani anapewa kile kitabu cha Kanuni. Wengi wanakiweka kabatini pamoja na joho.

Kuhusu kusimama na kukaa nitasema kidogo. Unaongea na mwenyekiti, humwongeleshi mwenzako, hata kama kakukera kiasi gani. "Taarifa" ni ya kumpa msemaji jambo asilolijua, na anaweza kuikataa. "Kuhusu utaratibu" ni pale kanuni inapovunjwa, na ukisimama nayo uwe tayari kutaja kanuni yenyewe. Ukitumia utaratibu kupenyeza mchango, mwenyekiti mjuzi atakukalisha na watu watacheka. Mkuu wa wilaya akiwepo ni mwalikwa, atapewa nafasi ya salamu, na salamu huwa ndefu. Hoja nzito ipange isije ikaangukia wakati watu wananusa pilau.

Mimi nilikalishwa mara moja. Ilikuwa mwaka wangu wa pili, nimerudisha ile ile hoja ya lumbesa, nikamnyooshea kidole afisa wa mapato nikamwita mwizi. Sikuwa na karatasi hata moja. Ukumbi ulinyamaza, mwenyekiti akaniambia nifute kauli, nikafuta. Nilichokuwa nimekuja nacho kikaishia hapo, kwa sababu kuanzia dakika ile mjadala ulihamia kwenye heshima ya watumishi. Ningesema tu, "Ukurasa huu una magunia haya, kiambatisho kina magunia yale, naomba ufafanuzi," yeye ndiye angetoka jasho, na baridi yote ile ya Juni.

Sasa nije kwenye lililonichukua muda mrefu kulielewa. Baraza siyo mahali pa kuanzisha jambo. Baraza kamili la kawaida linakaa mara moja kwa robo. Huku kwetu siku moja ilikuwa inakwenda kwenye taarifa za kata, kata kwa kata, na nyingine kwenye taarifa za kamati. Ukija na jambo jipya siku hiyo, umelileta kwa watu waliochoka wanaofikiria usafiri wa kurudi. Jambo linapikwa kwenye kamati ya kudumu. Kamati ya Fedha na Uongozi inakaa kila mwezi. Kule mko wachache, hakuna wa kumgongea meza, mkuu wa idara anakaa mbele yako mnapitia mstari kwa mstari, na mtu anaweza kubadili mawazo bila kuaibika. Likitoka kule limekuja barazani kama pendekezo la kamati, tayari lina watu nyuma yake.

Hata kabla ya kamati, kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wewe diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Nilianza upya huko. Nikaomba wenyeviti wa mitaa wapeleke suala la lumbesa kwenye mikutano mikuu ya mitaa yao, watu waseme wenyewe. Huko kwenye mitaa kuna ugonjwa mmoja unaitwa "mengineyo". Jambo zito linawekwa mwisho kabisa, jua linazama, wenye watoto wamekwishaondoka, wamebaki watu saba wanaamua kwa niaba ya mtaa mzima. Mwenyekiti wa mtaa unayesoma hapa, nakusihi: lililo zito liwe ajenda, liwe na namba, na wajumbe walisikie likitangazwa kabla. Na watu waandike majina yao kwenye daftari la mahudhurio wakati wanaingia. Akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, ikipingwa baadaye utajitetea kwa daftari, macho ya watu hayatakusaidia.

Tulipima pia. Mtaa mmoja uliazima mizani kwa mfanyabiashara wa mahindi, tukaweka gunia moja la lumbesa mbele ya mkutano, wanaume wanne wakilinyanyua. Kilo 138. Sheria ya vipimo haitaki gunia lizidi kilo 100, na hilo Wakala wa Vipimo wamelisema miaka nenda rudi. Mama mmoja mwenye shamba la nusu eka alikaa kimya akihesabu vidole, kisha akauliza, "Kwa hiyo zile kilo 38 nilimpa nani?" Nikaandika swali lake kama lilivyo. Lilifika mpaka kwenye kamati.

Nilitaka pia ushuru utozwe kwa kilo, uachane na gunia. Hapo mwanasheria wa halmashauri alinisaidia bila kunionea haya: hilo linagusa sheria ndogo. Azimio tupu halitoshi. Sheria ndogo ina safari yake: wananchi watangaziwe watoe maoni, baraza lipitishe, waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, aidhinishe, itoke kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo uliza mapema unachotaka ni cha aina gani. Tulikigawa: mizani na kukataa gunia lililozidi, hiyo ya azimio, ushuru kwa kilo, hiyo ikaanza safari yake ndefu.

Na ingekwisha vizuri hapo, kama nisingekuwa na Fuso nyumbani.

Mume wangu alikuwa na gari la kukodisha, na msimu wa viazi lilikuwa linabeba viazi kwenda Dar es Salaam. Sikuwahi kulitaja. Sikuona kama ni jambo. Kwangu lilikuwa gari la mume wangu, mimi natetea wakulima. Hoja ilipofika kwenye kamati kwa mara ya kwanza, mjumbe mmoja, ambaye hatukuwa tunaivana, alisimama taratibu kabisa: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kuhusu utaratibu. Mtoa hoja ana maslahi katika usafirishaji wa mazao na hajayatamka." Kweli tupu. Uso uliniwaka. Nikaanza kueleza kwamba hoja yenyewe ingemwumiza mume wangu, hapati faida yoyote. Haikusaidia kitu, kwa sababu Kanuni hazikuulizi maslahi yako yanaelekea upande gani, zinataka uyatamke na ukae pembeni. Hoja iliahirishwa robo nzima.

Jioni nilimsimulia mume wangu nikitegemea anifariji. Akasema, "Lakini gari si lipo?"

Kwa hiyo nisikilize, wewe uliyeapishwa juzi. Kaa na daftari, andika kila kilicho chako na cha nyumbani kwako: kiwanja, duka, zabuni ya shemeji, kibanda cha stendi, hisa za kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kila ajenda ikija ipitishe kwenye daftari hilo. Ukigusana nayo, nyanyuka mwenyewe kabla hujanyanyuliwa. Ukitamka mwenyewe utatoka ukumbini na heshima yako, na kesho yake utarudi ukisikilizwa. Ukisubiri kutamkiwa, kila hoja yako ya baadaye itachunguliwa chini kama kabati la jikoni alikopita panya.

Robo iliyofuata nilimwomba yule mzee wa kata ya jirani awe mtoa hoja. Nikampa karatasi, azimio lina mifupa yote, namba za kurasa pembeni. Kamati ikapitisha. Siku ya baraza, ajenda ilipofikiwa, nikasimama nikatamka gari la mume wangu, nikatoka. Nilisimama nje chini ya mkaratusi nimejifunga kitenge juu ya joho, upepo unapiga, nasikia sauti za ndani bila maneno. Ilikuwa kama kusubiri mlangoni kwa mkunga. Kisha nikasikia meza zikigongwa.

Lumbesa haikufa siku ile. Kuna magari yaliendelea kupita usiku, na geti moja mizani yake iliharibika ikakaa miezi. Lakini kila robo suala lilikuwa kwenye yatokanayo, na kila robo mkuu wa idara alilazimika kusimama na kusema mizani iko wapi.

Nakala ya muhtasari ule ninayo mpaka leo, kwenye sanduku la vyeti. Azimio limeandikwa mistari sita: kila geti liwe na mizani, gunia linalozidi kilo 100 lisipite mpaka lifungashwe upya, Mkurugenzi anunue kwa mapato ya ndani kabla ya tarehe 30 Septemba, taarifa ije baraza la robo ya kwanza. Mtoa hoja ni mzee. Jina langu lipo mara moja tu, mstari wa juu yake: alitamka maslahi na kutoka ukumbini saa 5:40 asubuhi.